LUKU moja, wapangaji wanane na paneli nne: uchambuzi wa kisa cha sola katika nyumba ya kupanga, Dar es Salaam

Kisa hiki kilitokea kati ya Novemba 2023 na Septemba 2025 katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Majina, mtaa na alama zote za kuwatambulisha wahusika zimeondolewa. Bei na vipimo vimebaki vilivyokuwa, kwa sababu bila hivyo kisa hakifundishi kitu.

Nyumba na watu wake

Ni nyumba ya Kiswahili iliyozoeleka: koridoo katikati, vyumba vinavyotazamana, choo na bafu uani, na fremu moja mbele inayotazama barabara. Bati ni geji 32, papi ni za mbao za mbili kwa mbili, na kenchi zimezeeka lakini bado zimenyooka. Vyumba ni tisa. Mama mwenye nyumba, mjane, anakaa viwili na mjukuu wake. Saba vimepangishwa, chumba kimoja kimoja kwa kila kaya. Fremu ni saluni ya kiume.

Miaka ishirini iliyopita nyumba hiyohiyo ilijaa ndugu: shemeji, watoto wa dada, binamu waliokuja mjini kutafuta maisha. Anayedaiwa hela ya umeme alidaiwa na shangazi yake, naye hakuwa na pa kukimbilia. Sasa wote ni wapangaji waliokuja kwa dalali. Kuna dereva wa bodaboda, mlinzi wa usiku anayelala mchana, mwanafunzi wa chuo, na mama anayeuza barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju kutoka kwenye friza zake mbili. Jiji lilikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya 2012, na 5,383,728 katika sensa ya 2022. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo haijengi nyumba, inapanga vyumba, na anayepanga chumba huhama.

Umeme wa kuchangiana

Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Matumizi ya mwaka 2023 yalikuwa wastani wa uniti (kilowati-saa) 270 kwa mwezi, yakiangukia daraja la bei la T1, la matumizi ya kawaida, yaani shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, unapata 356.24. Mwezi ulimalizika kwa kama shilingi 97,700, ikiwemo kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa kwenye LUKU.

Mgawanyo ulikuwa wa kukadiria kwa macho: vyumba sita vya kawaida 8,000 kila kimoja, mama wa barafu 30,000, saluni 20,000. Jumla 98,000. Mama mwenye nyumba hakuwemo kwenye orodha, ingawa friji yake ya zamani ilikuwa miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Kodi ya jengo nayo kisheria ni ya mwenye jengo, lakini ilipita humohumo.

Chumba cha kawaida chenye taa mbili, televisheni ndogo, feni na chaji za simu kilitumia kama uniti 12 na nusu kwa mwezi. Kwa bei ya T1 hizo ni chini ya 4,500, na chumba kililipa 8,000. Kingekuwa na mita yake chenyewe kingeangukia daraja la D1, ambalo ni la mtumiaji wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Bei yake ni shilingi 100, au 122 pamoja na tozo. Hapo chumba kingelipa takriban 1,525. Tofauti kati ya 1,525 na 8,000 ndiyo kiini cha kisa hiki, na wakati huo hakuna aliyeipigia hesabu.

Novemba 2023: sola inafungwa

Mgao wa umeme ulipokaza mwishoni mwa 2023, barafu ziliyeyuka na saluni ikakaa giza. Wazo la sola lilitoka kwa mwenye saluni, likajadiliwa kwenye kundi la WhatsApp la nyumba, na fundi akaletwa na mtu wa bodaboda. Bei aliyotoa:

- Paneli 4 za wati 550: 1,040,000
- Inveta (kigeuzi cha umeme wa jua na betri kuwa wa nyumbani) ya kilowati 3, volti 24: 1,150,000
- Betri 2 za jeli, volti 12, ampia-saa 200: 1,040,000
- Waya, breka, reli, kabati na chenjiova (swichi ya kubadili kati ya sola na TANESCO): 480,000
- Ufundi: 350,000

Jumla 4,060,000. Mama mwenye nyumba alikopa 2,500,000 kwenye kikoba chake (alikataa mikopo ya kausha damu, na alifanya vyema). Zilizobaki 1,560,000 zilitoka kwa wapangaji wanane, saluni ikiwemo, kila mmoja 195,000. Walikubaliana kwa mdomo kwamba kila mwezi kodi ya chumba ipunguzwe 15,000 kwa miezi 13, kuanzia Desemba.

Msaada wa serikali uliingia kimyakimya. Sheria ya VAT ya 2014 inasamehe paneli, chaji kontrola, inveta, taa za sola na betri za sola. Vifaa vya nyumba hii vilivyo kwenye orodha hiyo viligharimu 3,230,000, kwa hiyo unafuu ni kama 581,400, ikiwa muuzaji kweli aliupitisha kwa mnunuzi. Hilo halikuthibitishwa kwa sababu hakuna aliyedai risiti ya EFD (mashine ya kodi). Waya, breka na reli havimo kwenye orodha.

Miezi kumi na minne

Mwanzo ulikuwa mzuri. Januari 2024 kumbukumbu za inveta zilionyesha wastani wa uniti 6.6 za jua kwa siku. LUKU ilishuka hadi uniti 140 kwa mwezi, kama shilingi 49,900 bila kodi ya jengo, yaani nafuu ya shilingi 46,000 hivi.

Februari 2024 mambo mawili yalitokea. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, mradi wa megawati 2,115, ulianza kuzalisha, na baadaye mgao ukalegea. Sola ikaacha kuwa mkombozi, ikawa kitu kilichopo tu juu ya bati. Mwezi huohuo kodi ya chumba ikapanda kutoka 50,000 hadi 60,000, maelezo yakiwa kwamba nyumba sasa ina sola. Mpangaji aliyekuwa akipunguziwa 15,000 akabaki na nafuu ya 5,000.

Masika ya 2024 yakaonyesha kazi ya fundi. Skrubu za reli zilipigwa kwenye bonde la bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongo, na nyingine hazikugusa papi. Vyumba viwili vikavuja. Kikawaida skrubu hupigwa mgongoni mwa bati, juu ya papi, na raba chini ya kichwa. Silikoni ni nyongeza, haiwi mbadala wa raba. Paneli ya wati 550 ina uzito wa kama kilo 28, kwa hiyo nne ni kilo 112 bila reli, na bati peke yake halibebi mzigo huo upepo ukivuma.

Katikati ya mwaka jirani wa magharibi alianza kupandisha ghorofa, mita mbili tu kutoka ukutani. Lilipofika juu, kivuli kiligusa paneli ya kwanza kuanzia saa nane na robo mchana. Paneli zote nne zilikuwa kwenye mnyororo mmoja, kwa hiyo iliyofunikwa haikujinyima peke yake, ilivuruga na nyingine.

Wapangaji nao walihama. Ndani ya miezi 13 kaya tano kati ya saba ziliondoka, zikiwa zimepunguziwa kodi kwa miezi minne, sita, saba, tisa na kumi na moja. Walidai salio: 135,000, 105,000, 90,000, 60,000 na 30,000, jumla 420,000. Jibu la kwanza walilopata ni kwamba sola iko juu, anayetaka sehemu yake apande akafungue. Shauri likaenda kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hapakuwa na karatasi hata moja.

Januari 2025 betri zilikufa. Taa zilizimika dakika ishirini baada ya jua kuzama. LUKU ilikuwa imerudi uniti 255 kwa mwezi.

Vipimo vya siku saba

Kabla ya kununua chochote, kila chumba kilipimwa kwa siku saba mfululizo. Mita ndogo zilifungwa kwenye laini za vyumba, na kipima mkondo cha kubana waya kilitumika kwenye mein swichi kuhakiki jumla. Matokeo kwa siku:

- Friza mbili za mama wa barafu: uniti 3.4
- Saluni: 2.3
- Friji ya mama mwenye nyumba: 1.3
- Vyumba sita vingine: 3.8
- Taa za koridoo, uani na nje: 0.6

Jumla 11.4. Kabla ya sola nyumba ilikuwa ikitumia 9. Umeme ulipoonekana wa bure, matumizi yalipanda. Katika zile 3.8 za vyumba sita, chumba kimoja kilichukua 1.7 peke yake, na mlemle chini ya kitanda kulikuwa na jiko la koili. Vyumba vitano vilivyobaki vilikuwa na 0.42 kila kimoja. Biashara mbili, barafu na saluni, zilibeba nusu kamili ya umeme wa nyumba.

Inveta ilionyesha jua lililotumika ni uniti 2.9 tu kwa siku, kutoka 6.6 za mwaka uliotangulia. Lawama zote mtaani zilielekezwa kwa ghorofa. Hesabu ya pembe za jua ilionyesha kivuli kinakula kama uniti 1.6 kati ya 3.7 zilizopotea. Zilizosalia zilipotea kwa sababu betri hazikuwa zikipokea, na mchana wengi hawapo, hivyo inveta haikuwa na pa kuupeleka umeme.

Kwa nini betri zimekufa mapema? Betri mbili za ampia-saa 200 kwa volti 24 zina uniti 4.8, na za jeli hazitakiwi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Kwa hiyo zilikuwa na uniti 2.4 za kutumia usiku. Mahitaji ya usiku, pamoja na friza, yalikuwa mara mbili ya hapo. Inveta iliwekwa itumie jua kwanza, kisha betri, mwisho TANESCO, na kikomo cha kurudi TANESCO kikaachwa volti 22. Kilipaswa kuwa karibu na 24. Kila usiku betri zilikaushwa.

Lililotisha zaidi lilikuwa ndani ya kabati. Kati ya paneli na inveta, kwenye volti zinazokaribia 200 za DC (mkondo wa upande mmoja, kama wa betri), fundi alifunga breka ya kawaida ya AC (mkondo geu, kama wa TANESCO). Breka ya namna hiyo hutegemea mkondo upite sifuri mara mia kwa sekunde ili cheche izimike. Mkondo wa DC haupiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka. Upande mmoja wa breka hiyo plastiki ilikuwa imeshayeyuka. Fremu za paneli hazikuwa na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kabisa.

Maamuzi ya Februari na Machi 2025, na sababu zake

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kununua betri kubwa ya lithiamu na kuendelea kama zamani. Lilikataliwa. Betri kubwa ingeficha tatizo la mgawanyo kwa miaka michache tu, na ingelipiwa tena na watu watakaohama.

Pendekezo la pili lilikuwa LUKU kwa kila mpangaji. Kiufundi ndilo bora. Gharama ya kuunganishiwa mjini, njia moja, ndani ya mita 30 bila nguzo, ni 320,960, kwa hiyo mita nane ni 2,567,680. Ni nafuu kuliko sola yote ya kwanza. Lingefanywa Novemba 2023 pengine kisa hiki kisingekuwepo, ingawa kwa haki lazima isemwe kwamba mita nane zisingewasha taa wakati wa mgao. Machi 2025 fedha hiyo haikuwepo, kwa hiyo likachukuliwa nusu.

*Biashara zitoke kwenye mita ya nyumba.* Saluni na mama wa barafu waliomba LUKU zao, kila mmoja akalipa 320,960 yake. Maombi yalihitaji mchoro wa nyaya na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwenye nyumba alitoa barua ya ridhaa. Angalizo: nyumba moja yenye mita zaidi ya moja hukatwa kodi ya jengo kwenye mita moja tu, na hilo hulazimu kufuatiliwa mita mpya zinapofungwa.

*Friza zifuate jua.* Friza iliyojaa barafu ni ghala la baridi. Ikigandishwa mchana inafika asubuhi bila kuyeyuka, mradi imejaa na mlango haufunguliwi usiku. Zilifungiwa saa ya kuwasha na kuzima: saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kwenye laini ya inveta yenye mita ndogo. Siku za mawingu friza zinahamia LUKU ya mama wa barafu. Chenjiova iliyotumika ni ya nguzo mbili, inayobadili laivu na nyutro kwa pamoja. Ukibadili laivu peke yake, nyutro ya inveta na ya TANESCO zinakutana, na hapo breka zinaruka ovyo na mita zinasoma uongo.

*Kila chumba mita ndogo.* Mita nane zilinunuliwa kwa 38,000 kila moja. Hapa kazi ilikwama siku mbili, kwani nyaya za zamani zilikuwa zinagawana nyutro kati ya chumba na chumba. Mita ya chumba cha pili ilikuwa inasoma televisheni ya chumba cha nne. Ilibidi kuvuta waya mpya wa milimita 2.5 kutoka kwenye kabati hadi kila chumba, na gharama ikafika 420,000. Anayepanga kazi kama hii aiweke fedha hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

*Betri ndogo, si kubwa.* Lithiamu ya volti 25.6, ampia-saa 100, yaani uniti 2.56, kwa 1,450,000. Friza zikishatoka usiku, taa, televisheni na feni za vyumba sita zinatosheka. Mipangilio ya inveta ilibadilishwa kwa mkono: chaji volti 28.4, kushikilia 27.2, kurudi TANESCO 25.6, kukata 24. Hali ya kusawazisha seli, iliyotengenezwa kwa betri za maji, ilizimwa, kwa kuwa inapandisha volti hadi kinga ya ndani ya lithiamu ikate ghafla.

*Paneli zihame mita sita mashariki* kwenye bawa lilelile linalotazama kaskazini. Kugawa paneli mbilimbili kulifikiriwa, lakini inveta hii haianzi kuchota jua chini ya volti 120, na paneli mbili zinatoa kama 84 tu. Kuzihamisha zote, kuziba matundu, kupiga skrubu upya mgongoni mwa bati, breka ya DC na ethi rodi: 260,000.

Gharama ya awamu hii kwa upande wa nyumba ni 2,434,000. Mama mwenye nyumba alilipa peke yake, sehemu kubwa ikitoka kwa mwanawe. Wapangaji hawakuombwa mtaji. Hilo halikufanyika kwa ukarimu, lilitokana na shauri la serikali ya mtaa.

Karatasi moja iliandikwa na kusainiwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Inasema sola yote ni mali ya mwenye nyumba. Kila mtu, mwenye nyumba akiwemo, atalipa 200 kwa uniti inayosomwa kwenye mita yake, na friza zitalipa 250 kwa uniti za jua. Kodi haitapanda kwa miezi 12. Salio la waliohama litalipwa kutoka mfuko wa umeme kwa zamu.

Matokeo hadi Septemba 2025

Aprili, mwezi wa kwanza, haukuwa mzuri. Jiko la koili liliendelea kuwaka, na mita ya nyumba ikafika uniti 94. Mpangaji huyo alipopewa hesabu yake, chumba chake peke yake uniti 51 kwa shilingi 10,200, alihamia kwenye mtungi mdogo wa gesi bila kikao. Wakati alipokuwa akichangia 8,000 bapa, jiko lile lilikuwa halimgharimu kitu.

Matumizi ya mita ya nyumba yalitulia kwenye uniti 66. Waliomba TANESCO iwahamishe daraja, na kuanzia Juni wako D1: uniti 66 kwa 122 ni 8,052. Pamoja na kodi ya jengo, 9,552. Kuna hatari moja, kwamba kila uniti inayozidi 75 inahesabiwa 350, au 427 pamoja na tozo. Mwezi kama ule wa Aprili, uniti 19 za ziada peke yake zingegharimu shilingi 8,113. Kwa hiyo mwanafunzi anasoma mita kila tarehe 15 na 25 na kutuma picha kwenye kundi.

Agosti inveta ilionyesha wastani wa uniti 5.4 za jua kwa siku. Kivuli sasa kinafika baada ya saa kumi. Chumba cha kawaida kinalipa kama 2,500 kwa mwezi badala ya 8,000. Mama mwenye nyumba analipa 7,800 kwa friji yake, jambo ambalo hakulipenda na bado hulitaja. Mama wa barafu analipa 19,500 za jua na kama 8,500 za LUKU yake, karibu na 30,000 za zamani. Hakupata nafuu ya maana. Alichopata ni kwamba hakuna tena anayemnyooshea kidole. Saluni nayo iko palepale, kama 21,000.

Mfuko unaingiza 42,300 kwa mwezi na kubaki na takriban 32,700 baada ya LUKU. Wawili kati ya watano waliohama wamelipwa, jumla 165,000. Watatu wanasubiri.

Uchambuzi

Msaada wa serikali kwenye kisa hiki una njia mbili, na inafaa kuzilinganisha. Msamaha wa VAT uliwapa kama 581,400 mara moja. Daraja la D1 linapunguza shilingi 234.24 kwa kila uniti ukilinganisha na T1, kwa uniti 75 ni 17,568 kwa mwezi, 210,816 kwa mwaka kwa mita moja. Kwa nyumba inayolifikia, D1 inaupita msamaha ndani ya miaka mitatu, na haihitaji mtaji wa milioni nne. Lakini njia zote mbili zimetengenezwa zikiwaza nyumba ya familia moja. VAT inamfaidi mwenye bati. D1 inahesabu mita, haihesabu kaya. Kaya nane zenye uniti 12 kila moja zikifungwa kwenye mita moja pamoja na friza za biashara, sheria inaziona kama tajiri mmoja. Na wote wanachangia asilimia 3 ya REA, ambayo kwa jina na kazi yake ni ya umeme vijijini. Hilo halina ubaya wenyewe, ila mpangaji wa mjini hana mfuko wa aina hiyo upande wake.

Kosa kubwa la 2023 halikuwa la fundi, ingawa fundi alikosa mengi. Walinunua vifaa kabla ya kupima. Siku saba za vipimo zingeonyesha kwamba shida ni friza mbili, saluni moja na orodha ya michango iliyomsahau mwenye nyumba. Vipimo hivyo vinahitaji mita ndogo chache zinazohamishwa chumba hadi chumba.

Mtaji wa wapangaji lilikuwa kosa la pili, na hapa wanaopanga miradi ya namna hii hujidanganya mara nyingi. Kuchangishana kulifaa nyumba ilipokuwa ya ndugu, kwa sababu aliyeweka hela yake alikuwepo miaka kumi baadaye. Mpangaji wa leo anakaa mwaka, pengine chini ya hapo. Kitu kinachodumu miaka ishirini juu ya bati hakiwezi kulipiwa na mtu wa miezi kumi na moja, labda kama kuna maandishi yanayosema salio lake linarudi lini na kutoka wapi. Kupandisha kodi miezi mitatu baada ya kuchukua hela zao kulimaliza imani iliyokuwepo. Ukichanganya nafuu ya 5,000 iliyobaki na mtaji wa 195,000, walioondoka mapema walikuwa wameikopesha nyumba bila riba ili nyumba ipangishwe ghali zaidi.

Awamu ya pili ilifanikiwa kwa sababu bei ya uniti iliwekwa wazi na ikamhusu kila mtu. Hata hivyo ina udhaifu. Wapangaji wanauliza kwa nini walipe 200 ilhali LUKU sasa ni 122, na swali ni la haki. Jibu ni kwamba tofauti inalipa betri na madeni, lakini mfuko unashikwa na mwenye nyumba na hesabu yake haijawahi kubandikwa ukutani. Kwa 32,700 kwa mwezi betri peke yake inahitaji miaka mitatu na miezi kadhaa kujilipa, kabla hata ya kugusa madeni. Bei hiyo ikipanda bila maelezo, itakuwa ni kuuza umeme kwa jina la kuchangiana.

Kuhusu kivuli, hakuna aliyeweza kumzuia jirani kujenga, na katika mitaa hii hakuna atakayeweza. Anayefunga sola kwenye nyumba ya chini jijini aangalie kwanza viwanja vinavyomzunguka: nani ana msingi mpana kuliko nyumba ya kawaida, nani ameacha nondo zimechomoza juu ya lenta. Paneli ziwekwe mbali na upande huo tangu siku ya kwanza, hata kama waya utakuwa mrefu zaidi. Fundi wa 2023 aliziweka magharibi kwa sababu kabati lilikuwa huko, akaokoa mita sita za waya.

Kiwanja cha mashariki kimeuzwa Julai 2025, na mchanga umeshamwagwa. Paneli zilipohamishwa, waya uliachwa na mita sita za ziada, zimekunjwa juu ya dari.